Mini 1000: nikikanyaga breki tairi za nyuma zinafunga, mkia unataka kupita mbele. Shida iko wapi wakuu?

Kigari_cha_Mjomba (Mbeya)

Wakuu habari za jioni, naomba msaada wenu maana huku nimeshazungushwa vya kutosha.

Nina Mini 1000 ya mwaka 1974, nimerithi kwa mjomba, ilikaa chini ya mparachichi kule Tukuyu kama miaka sita bila kuguswa. Injini ilikubali bila shida kabisa, nikabadilisha betri, plagi, nikasafisha tenki, ikawaka. Breki nikampa fundi mmoja hapa mjini, akafungua nyuma, shuu (vile vipande vinavyobana dramu kwa ndani) akapeleka kubandikwa laining mpya, yaani ile tabaka inayosuguana na dramu, akabadilisha springi, akatoa upepo kwenye mafuta ya breki, akasema tayari.

Sasa jumapili tunaenda kumsalimia mama, mvua ile ya rasharasha, tumeshapita Isyonje tumeimaliza Ntokela tunaanza kushuka kuelekea Kiwira, mbele yangu lori la viazi likasimama ghafla, nami nikakanyaga. Aisee. Mbele kama vile hakuna kitu, nyuma tairi zikagoma kuzunguka kabisa, mkia ukaanza kwenda kushoto kwenye mtaro, nikaachia breki ikanyooka, nikakanyaga tena ikarudia. Tulisimama kama hatua mbili kutoka kwenye lori. Mke wangu alishika dashibodi hakuniongelesha mpaka Kiwira.

Pale Kiwira nikashuka kuangalia, nikamwagia maji ya chupa kwenye dramu ya nyuma kushoto, tssss, yakachemka. Ya kulia vuguvugu tu.

Fundi kaambiwa, anasema masta silinda, ile pampu ya mafuta ya breki inayosukumwa na pedali, imekufa ninunue mpya. Spea zenyewe za Mini mnajua zilivyo, mpaka uagize Uingereza. Kabla sijatoa hela nauliza, kweli ni masta?

Mwana_wa_Ilula

Mkuu hicho kigari toa injini, weka mlango wa wavu, fuga kuku wa kienyeji. Utanishukuru.

Dereva_Kitonga

Usimsikilize huyo. Hiyo kitu rahisi sana, mimi nilikuwa na pikapu ya zamani ilikuwa inafunga nyuma hivyo hivyo nikiwa tupu, nikachukua plaizi nikaibana ile paipu ya chuma inayoenda nyuma kidogo tu, mafuta yakawa yanapita machache. Miaka miwili nimeshuka nayo mteremko wa Kitonga bila shida.

Fundi_Mstaafu (Mafinga)

Kamwene wote. Naomba nianze na huyu wa plaizi, ndugu yangu usimpotoshe mwenzio. Paipu ukiibana hupunguzi nguvu ya breki, unachelewesha tu. Mafuta yatapita taratibu na mwisho presha ya nyuma itakuwa ileile ya mbele ukishikilia pedali. Na ukiachia, yatarudi taratibu vilevile, maana yake breki inabaki imekamata, dramu inachemka. Na chuma kilichopondwa siku moja kinapasuka. Ulishuka Kitonga miaka miwili kwa rehema za Mungu, sio kwa plaizi.

Sasa kijana mwenye Mini. Mimi nimezifanya hizo gari tangu zikiwa za walimu na wahasibu, nazijua. Sijakataa masta, ila mtu anayekwambia nunua masta bila kuinua gari kwenye jeki anakisia kwa hela yako. Nijibu haya kwanza:

Zinafunga zote mbili za nyuma au moja inatangulia? Usinijibu kwa kukumbuka. Nenda sehemu tambarare yenye vumbi au changarawe, pasiwe na watu, spidi 25 hivi isizidi 30, kanyaga kwa nguvu, shuka uangalie michirizi chini. Tairi nne, kila moja inaandika habari yake.

Pili, ukikanyaga taratibu tu barabara kavu, stearing inavuta upande?

Tatu, pedali ikoje? Inashuka kiasi gani, na ukipampu mara mbili inapanda?

Nne, mafuta gani ya breki yamewekwa? Niambie kwa kusoma kopo, sio kwa kuambiwa.

Kigari_cha_Mjomba

Shikamoo mzee, asante sana. Leo asubuhi nimeenda kiwanja kimoja huku Uyole nimefanya kama ulivyosema, watoto wakajaa kuangalia nikawafukuza kwanza.

Michirizi: nyuma kushoto mrefu, hatua kama kumi na moja. Nyuma kulia upo ila mfupi, kama hatua tano. Mbele kushoto kuna alama hafifu ya kukwaruza tu. Mbele kulia HAKUNA kitu, tairi imezunguka mpaka gari inasimama.

Nikikanyaga taratibu inavuta kushoto kidogo. Na pedali kweli inashuka sana, ukipampu mara mbili inapanda inakuwa ngumu vizuri. Hiyo sikuandika mwanzo maana nilijua gari za zamani ndo zilivyo.

Kopo fundi aliniachia, ni DOT 4.

Fundi_Mstaafu (Mafinga)

Marahaba. Hapo sasa tunaongea.

DOT 4 sawa. Niliuliza kwa sababu kuna watu wanajazia hydraulic ya pawa stearing, raba zote zinavimba na breki hazirudi tena, unabadilisha mfumo mzima. Umepona hapo.

Pedali inayoshuka halafu ikipampiwa inapanda ngumu, hiyo kwa gari yenye dramu kote mara nyingi ni shuu kuwa mbali na dramu. Ingekuwa upepo ungeisikia laini kama unakanyaga sponji. Na ingekuwa masta inapitisha, ukiikanyaga na kuishikilia ingezama taratibu kama mguu kwenye tope. Jaribu, shikilia dakika moja. Isipozama, hela ya masta kanunulie mbolea.

Ila sikiliza hapa maana ndo penyewe. Wewe na fundi wako mnaiangalia nyuma kwa sababu nyuma ndiko kunakopiga kelele. Mimi nasoma michirizi yako naona gari ambayo MBELE haifanyi kazi. Mini injini iko mbele, gia ziko mbele chini ya injini, tairi zinazovuta ni za mbele, nyuma hakuna kitu zaidi ya tenki, betri na spea tairi. Ukikanyaga breki uzito unakimbilia mbele, nyuma inabaki nyepesi kama kikapu. Kwa hiyo mbele ndiyo inatakiwa ibebe kazi kubwa. Mbele ikilala, wewe unaongeza mguu, presha inapanda, nyuma ambayo ni nyepesi inafunga. Nyuma wala haijazidi nguvu, ni wewe umelazimika kukanyaga mara mbili ya kawaida.

Kwa hiyo nina kesi mbili, msizichanganye. Moja, mbele imelala, hasa kulia. Mbili, nyuma kushoto kuna kitu kinaburuza hata usipokanyaga, ndo maana maji yalichemka.

Dada_wa_Makambako

Samahani naingilia. Mimi ilikuwa Volkswagen Beetle ya baba, tairi ya nyuma kushoto ilikuwa inakamata ghafla hata ukigusa tu breki. Kufungua kumbe oilsili ya ekseli, ile raba ya kuzuia oili, imekufa, oili ya gia inaingia kwenye dramu. Mimi nilijua oili inafanya breki iteleze, fundi akanambia hapana, laining ikilowana kidogo tu inanata, inakamata kwa kushtuka. Tuliziosha shuu na petroli zikakaa sawa wiki moja zikarudia, maana ilishaingia ndani ya laining. Ikabidi kubandika upya. Kwa hiyo kaka angalia na hilo.

Halafu huku kwetu na ukungu huu, ukiacha hendibreki imevutwa usiku kucha gari ikiwa imelowa, asubuhi breki ya kwanza inakamata kwa nguvu mpaka unashangaa. Hiyo ni kutu ya juu juu, ukikanyaga mara mbili tatu inaisha. Usiichanganye na ugonjwa.

Fundi_Mstaafu (Mafinga)

Dada umesema kweli tupu, kwenye Mini itakuwa grisi ya beringi au mafuta ya silinda ya breki yenyewe, ile yenye pistoni inayosukuma shuu. Atakapofungua dramu avute kidogo zile raba za vumbi kwenye silinda, akikuta unyevu ndani silinda inavuja.

Haya kijana, kazi ya jumamosi. Anza nyuma kushoto kwa sababu ni rahisi. Jeki, weka na stendi au gogo, usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake. Mbele weka mawe kwenye tairi. Hendibreki chini. Zungusha tairi kwa mkono. Ikiwa nzito, fungua nipo ya kutolea upepo ya tairi hiyo hiyo robo mzunguko. Mafuta yakiruka na tairi ikawa nyepesi, kuna presha imenaswa, mshukiwa wa kwanza ni ule mpira wa breki unaopita kwenye mkono wa nyuma (chuma kinachoshika tairi), kwa ndani unavimba, nje unaonekana mpya. Tairi ikibaki nzito vilevile, mafuta hayahusiki, ni chuma: kebo, springi au shuu.

Na kwenye Mini ukiniambia ni chuma nakwambia kabla hujafungua: kebo ya hendibreki. Kwenye kila mkono wa nyuma kuna kipande cha chuma kama robo ya sahani, kebo inapita pale inakunja kona kuingia kwenye dramu. Kile kipande kinatakiwa kizunguke. Kikikosa grisi na kikala matope ya Rungwe miaka sita kinaganda, unavuta hendibreki inavutika, unashusha lever, ndani kebo haijarudi. Unaendesha gari nusu hendibreki imevutwa. Sasa ukikanyaga breki tairi hiyo imeshatangulia.

Halafu mbele. 1974 mbele ni dramu zenye silinda MBILI kila tairi, kila shuu ina silinda yake na ajasta yake, ile ya kusogeza shuu karibu na dramu. Nyuma ni ajasta moja kila tairi, mbele ni mbili. Wengi wanaseti ile inayofikika wanaondoka. Kata stearing mpaka mwisho utaiona ya pili nyuma ya ule mkono wa stearing. Vichwa ni vya mraba, tafuta spana yake maalum, ukitumia plaizi vitaviringika uanze kulia.

Lakini uelewe, ajasta kuwa mbali peke yake inakupa pedali ndefu, haikupi kufunga nyuma, maana shuu zikishafika presha ni ileile kote. Kinachokupa kufunga nyuma ni silinda ILIYOGANDA, shuu haisogei hata ukanyageje. Fungua dramu ya mbele kulia, mtu akanyage pedali polepole sana, nusu tu, wewe angalia. Pistoni zote mbili zinatakiwa zisogee. Ile inayosogea iweke bisibisi au klampu isije ikaruka nje.

Vumbi usilipulize na kompresa wala mdomo. Laining za zamani zina asbestosi. Loanisha na maji, futa na tambara, tupa tambara.

Mwanachuo_Iringa

Swali la pembeni kwa mzee, samahani kama ni la kijinga. Kwa nini nyuma kufunga ni hatari kuliko mbele kufunga? Si zote gari inateleza tu?

Fundi_Mstaafu (Mafinga)

Si la kijinga. Tairi inayozunguka inashika barabara mbele na pembeni. Ikifunga, inateleza upande wowote, haijui tena mbele ni wapi. Zikifunga za mbele, gari inakwenda moja kwa moja, stearing haisikii, lakini inabaki imenyooka na ukiachia breki inarudi. Zikifunga za nyuma, mkia hauna kinachoushika pembeni, na wenyewe bado una mwendo, kwa hiyo unataka kuipita mbele. Sukuma toroli kwa nyuma halafu livute kwa mbele, utaona lipi linataka kugeuka. Ndo maana waliotengeneza waliweka valvu kwenye fremu ya nyuma, ndani ina pistoni na springi, presha ikifika kiasi fulani inafunga ili nyuma isipate zaidi.

Kigari_cha_Mjomba

Wakuu nimerudi, mikono bado nyeusi naandika na kidole kimoja.

Kwanza pedali nimeishikilia dakika nzima na saa mkononi, haikuzama hata kidogo. Masta nzima.

Nyuma kushoto: tairi nzito, nikafungua nipo, tone moja tu likatoka, tairi nzito vilevile. Nikasema haya, mzee kashinda. Nikaingia chini, kile kipande cha robo sahani nimekipata, ila kilikuwa kimefunikwa na udongo mwekundu umekauka kama tofali. Nilikwangua na bisibisi, nikamimina dizeli, nikasubiri, nikagonga gonga na nyundo ndogo, hakisogei. Nikachemsha chai, nikanywa, nikarudi nikamimina tena, kikapiga kelele kriiii, kikageuka. Hapo hapo tairi ikazunguka. Yaani nusu saa nimelala chini ya gari nacheka peke yangu, jirani akaja kuuliza kama niko salama.

Mbele kulia ndo kituko. Nimefungua dramu, shuu moja inang'aa vizuri, nyingine ina vumbi la kahawia na utando wa buibui. UTANDO WA BUIBUI ndani ya breki. Kijana wangu akakanyaga taratibu, pistoni ya chini ikatoka, ya juu kimya kama jiwe. Mbele kushoto zote mbili zinasogea, ila ajasta moja haijaguswa toka gari iko chini ya mparachichi, shuu iko mbali unapitisha kadi ya simu.

Kwa hiyo fundi wangu aliweka laining mpya nyuma, akaifanya nyuma kali, mbele hakufungua kabisa. Na hela ya seti ya mbele alichukua. Simtaji.

Nimejaribu kuitoa ile pistoni iliyoganda, kutu imekula ukuta wa silinda, kuna mashimo. Naweza kupiga msasa?

Fundi_Mstaafu (Mafinga)

Msasa unafaa kama ni doa tu. Ukuta ukiwa na shimo ambalo kucha inanasa, raba itavuja na utakuwa umemwagia laining mafuta. Nunua silinda. Na nunua nne za mbele zote, maana zilizobaki zina umri uleule na zimelala mvua ileile. Ukiagiza soma namba iliyochongwa kwenye ya zamani, usinunue kwa kuangalia sura.

Hii namba ni muhimu zaidi kwa NYUMA. Silinda za nyuma za Mini kama yako ni inchi 3/4. Mtu akikuuzia 7/8 inaingia, inafanana, hutajua. Lakini nguvu inaendana na eneo la pistoni, kwa hiyo hapo umeongeza breki ya nyuma zaidi ya theluthi moja bila kujua. Nimeiona hiyo kwenye gari iliyozunguka kwa mafundi watatu. Pita uangalie nyuma yako zimeandikwa nini.

Kigari_cha_Mjomba

Nimeangalia mzee, 3/4 zote mbili. Naagiza za mbele.

Kigari_cha_Mjomba

Mrejesho, samahani nimechelewa, mzigo ulichukua wiki tatu na siku kadhaa.

Silinda nne nimefunga, nimeseti ajasta zote sita, yaani kukaza mpaka tairi isizunguke, kukanyaga pedali shuu zikae, kukaza tena, halafu kulegeza polepole mpaka tairi izunguke. Pedali sasa iko juu, sipampu tena. Nimerudi kiwanjani, michirizi miwili ya mbele iko sawa, nyuma hakuna kitu. Nikafurahi.

Jana kukanyesha nikarudi tena, kavu ilikuwa poa ila kwenye tope nikikanyaga kwa nguvu zote nyuma bado inawahi kidogo. Sio kama mwanzo, haigeuki, ila inawahi. Nikakumbuka ile valvu. Nimeitoa kwenye fremu, nikafungua ile nati kubwa ya mwisho, kilichotoka ndani ni rangi ya chai ya maziwa, na pistoni imeganda iko wazi, haifungi presha yoyote. Yaani nyuma ilikuwa inapata kila kitu.

Fundi_Mstaafu (Mafinga)

Hiyo chai ni maji. Mafuta ya breki yanavuta unyevu wa hewani, miaka sita na hali ya hewa ya Tukuyu, usitegemee kingine. Osha na spiriti, usitumie petroli kwenye raba. Kama ukuta hauna mashimo badilisha raba urudishe, kama una mashimo agiza nzima. Halafu mwaga mafuta yote ya zamani, anza kutoa upepo mpaka yatoke masafi kila tairi, kisha usitumie tena yale yaliyobaki kwenye kopo lililokaa wazi.

Na ukishatembea kilomita kama 200 uziseti tena zote, laining mpya zinakuwa zimekaa.

Mwana_wa_Ilula

Nafuta kauli ya kuku. Ila shemeji kakubali kupanda tena?

Kigari_cha_Mjomba

Anasema atapanda ila akiwa nyuma, mbele hataki kuona lori. Mzee swali la mwisho, kile kipande cha hendibreki nipake grisi gani?

Fundi_Mstaafu (Mafinga)

Ya beringi inatosha. Vyote viwili, hata cha kulia kinachozunguka. Na kila masika ikianza ulale tena chini ukipake. Ila mikono ifute kabla hujashika shuu.